Kizimbani bila kazi: umpe mnyama chakula cha kutafuta, kichezeo, harufu au gogo?

Mwaka 1994 dubu mweupe mmoja aitwaye Gus, wa bustani ya wanyama ya Central Park jijini New York, alipata umaarufu ambao hakuna mtunza wanyama anayeuombea. Alikuwa akiogelea kwa kuchora namba nane majini. Anakwenda, anageuka pale pale, anarudi, saa baada ya saa. Bustani ikamwita mtaalamu wa tabia za wanyama. Gus akaanza kupewa samaki waliogandishwa ndani ya barafu, chakula kilichofungiwa kwenye vifaa vya kuhangaika navyo, vitu vya kuchezea, na vipindi vya mafunzo na watunzaji wake. Kuogelea kule kukapungua. Hakukuisha.

Naanza na Gus kwa sababu yeye alipewa karibu kila kitu kwa mpigo. Wengi wetu tunaotunza wanyama tuna mabanda mengi, mikono michache, na pengine saa moja ya ziada kwa siku baada ya kufagia, kulisha na kujaza daftari. Saa hiyo uipeleke wapi?

Unapima kwa kipimo gani

Kitaalamu kazi hii huitwa uboreshaji wa mazingira ya mnyama. Mabandani tunasema tu kumchangamsha. Si jambo la juzi. Heini Hediger, Mswisi aliyeongoza bustani za wanyama za Bern, Basel na Zürich, alishaeleza katikati ya karne iliyopita kwamba mnyama akiingia kifungoni anapokonywa kazi zake mbili kubwa: kutafuta chakula na kumkwepa adui. Chakula kinaletwa, adui hayupo, mchana kutwa ni wake na hana la kuufanyia. Hapo ndipo huzuka kule kwenda na kurudi kando ya uzio, kutikisa kichwa, kulamba ukuta, kujinyonyoa manyoya.

Mimi huuliza maswali manne, wala siyapi uzito sawa. La kwanza na kubwa ni dakika: jambo hili litachukua muda gani katika siku ya mnyama? La pili, siku ya kumi bado atalijali? Kisha nauliza nani ataliandaa, na mwisho linaweza kumdhuru vipi, maana karibu kila kitu unachotia bandani kina namna yake ya kudhuru. Kuna kipimo cha tano ninachokiacha makusudi, nacho ni jinsi jambo linavyopendeza machoni pa wageni. Keki ya barafu ya siku ya kuzaliwa hupigwa picha nyingi sana, na mara nyingi mnyama ameshamalizana nayo kabla watu hawajarudisha simu mifukoni.

Chakula bakulini, au chakula cha kutafutwa

Ukisoma sehemu moja tu ya makala haya, iwe hii.

Porini tembo hushughulika na malisho kwa saa 16 hadi 18 kwa siku. Panda hutafuna mianzi zaidi ya saa 10. Sokwe mtu hutumia karibu nusu ya mchana wake kula na kutafuta cha kula. Chukua chakula chenye nguvu ile ile, kikate vipande, kitie bakulini, na shughuli ya siku nzima inaisha ndani ya robo saa. Pengo lililobaki ndilo kubwa kuliko yote kizimbani, na ndiyo maana naanza kuliziba kabla ya kufikiria mpira wala manukato.

Huenda ukasema mnyama hawezi kuhangaika wakati chakula cha bure kipo. Mtafiti Glen Jensen alilijaribu hilo kwa panya mwaka 1963. Aliwafundisha kubonyeza kitufe ili wapate chakula, halafu akawawekea pembeni bakuli lililojaa chakula kile kile. Panya wengi waliendelea kubonyeza kwa sehemu kubwa ya mlo wao. Tangu hapo jambo hilo limeonekana kwa ndege, kwa nyani wa aina mbalimbali, hata kwa dubu. Paka wa nyumbani ndiye mbishi anayejulikana: yeye bakuli likiwepo anakwenda bakulini, na wala haoni haya. Miaka ya 1970 mtafiti Hal Markowitz, katika bustani ya wanyama ya Portland huko Oregon, aliwawekea giboni, jamii ya nyani wenye mikono mirefu, vyuma vya kuvuta sehemu mbili za banda: vuta hapa, ruka hadi kule, vuta tena, upate tunda. Giboni waliokuwa wameketi tu wakawa wanaruka.

Ndani ya njia hii kuna chaguo jingine: kukitawanya chakula au kukifungia kwenye kifaa?

Kutawanya ni rahisi mno. Unachukua nafaka, wadudu wakavu au matunda yaliyokatwa vidogo, unavimwaga kwenye nyasi kavu au maranda ya mbao yaliyofika vifundoni, unaondoka. Kwa kundi la nyani ni njia ya haki zaidi, kwa sababu mkubwa hawezi kukalia uwanja mzima. Hata yule wa mwisho kwa cheo hupata kona yake. Ubaya wake ni uchafu, kuoza kwa mabaki, na panya wa kawaida wanaokuja kujihudumia usiku.

Kifaa kinachukua dakika nyingi zaidi kwa kila tonge. Nilipata kumtazama tumbili jike mmoja na bomba la plastiki lenye urefu wa mkono, limezibwa ncha zote mbili, limetobolewa matundu yanayozidi njugu kidogo tu, limening'inizwa kwa mnyororo mfupi. Siku ya kwanza alilitikisa kama anayetwanga hewa, njugu mbili zikaanguka, akaliacha. Siku ya tatu hakulitikisa tena. Alilishika kwa mkono wa kushoto likalala sawasawa, akaingiza kidole cha kulia, akaisogeza njugu tundu hadi tundu, kila hatua akisita na kuchungulia, mpaka ikafika kwenye tundu pana, akaigonga ikatoka. Njugu 20 zilimchukua dakika 40. Bakulini angezimaliza kabla sijafunga mlango.

Siku ya nne dume akaja akaketi mbele ya lile bomba, na mambo yakaishia hapo. Hii ndiyo kasoro ya kifaa kwenye kundi: mwenye nguvu hukimiliki, na wakati mwingine damu humwagika. Dawa yake ni kuwa na vifaa vinavyozidi idadi ya wanyama, vikae mbalimbali, pasionekane kimoja ukiwa kwenye kingine. Kama huna uwezo wa kutengeneza vingi, tawanya.

Kwa sokwe watu kuna kifaa kinachoiga porini moja kwa moja. Mwaka 1960 Jane Goodall aliwaona sokwe wa Gombe wakitumbukiza vijiti kwenye kichuguu na kuvitoa vimejaa mchwa. Leo bustani nyingi zina kichuguu cha saruji chenye matundu, ndani mmewekwa asali au uji, na sokwe hutafuta kijiti, hukichambua majani, hukaa. Ni kazi ghali kujenga lakini ukishajenga ni kujaza tu.

Kwa twiga mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa tatizo lake liko kwenye ulimi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2001 kuhusu twiga na okapi walio kifungoni ulikuta karibu wanane kati ya kila kumi wana tabia fulani ya kujirudiarudia, hasa kulamba vitu visivyo chakula. Ulimi ule uliumbwa kuchagua na kuvuta majani kutwa nzima, na nyasi kavu kwenye hori haziupi kazi. Matawi mabichi yenye majani yanashinda kifaa chochote. Yakikosekana, tia nyasi kwenye chombo chenye matundu madogo kilichopachikwa juu, ulimi ulazimike kuzivuta kidogo kidogo.

Mambo mawili ya kukumbuka bila kujali umechagua nini. Chakula cha kuchangamsha kitolewe kwenye mgao wa siku, kisiwe nyongeza, la sivyo utakuwa na mnyama mchangamfu mwenye kisukari. Na usilishe kwa saa ile ile kila siku. Wanyama wengi, hasa jamii ya paka na dubu, huzidisha kwenda na kurudi katika saa moja kabla ya mlo wanaoujua. Watafiti walipowapa paka-chui wa Asia, paka mwitu wadogo, chakula kilekile kwa mafungu madogo, kikiwa kimefichwa kwenye marundo ya vijiti mara kadhaa kwa siku, upekuzi ukaongezeka na kule kwenda na kurudi kukapungua.

Nyama ya vipande, au mzoga

Kwa wala nyama wakubwa, swali la kufungua bomba halipo. Kazi yao ni kurarua. Nyama ya kusaga iliyochanganywa na vitamini ni salama, inapimika, na huliwa kwa dakika chache. Mzoga wenye ngozi, mifupa na manyoya huchukua saa. Mwaka 1990 watafiti Bond na Lindburg waliwalinganisha duma waliopewa mizoga na wale waliopewa chakula cha kutengenezwa: wa mizoga walikula kwa muda mrefu zaidi, walikuwa na hamu zaidi, na walimiliki chakula chao kwa namna inayofanana na ya porini. Meno na fizi nazo hufaidika, kwani mfupa husugua.

Mimi nipo upande wa mzoga, kwa masharti. Lazima ujue mnyama yule alikufa kwa nini, alipewa dawa gani kabla, na daktari wa mifugo aukubali. Mzoga wa mnyama aliyechomwa sindano ya kuuawa usiingie kabisa. Sumu ile hubaki mwilini. Kwenye kundi la simba gawanya mapema, au watenganishe wakati wa kula. Usipoweza kupata mzoga, nyama iliyofungwa juu ya nguzo ndefu ni mbadala mzuri kwa chui milia: inabidi apande, ajining'inize kwa kucha, avute kwa uzito wake wote. Ni dakika chache, lakini ni misuli ambayo haitumiki mahali pengine popote bandani.

Windo hai? Kwa samaki na wadudu, ndiyo. Paka-mvuvi, paka mwitu anayewinda samaki, aliyetiliwa samaki hai kwenye dimbwi lake alibadilika: usingizi ulipungua, akaanza kutumia sehemu za banda alizokuwa hazigusi. Kwa wanyama wenye manyoya, nchi nyingi zimekataza, na mimi sioni hoja ya kubishana nazo. Windo lililofungiwa halina pa kukimbilia.

Vichezeo: mpira usiovunjika, au boksi la kuchanwa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mpira mgumu wa plastiki unaotangazwa kuwa simba hawezi kuupasua huonekana kama ununuzi wa busara. Siku ya kwanza anaurukia, siku ya pili anausukuma, wiki ya pili unakaa kwenye kona umejaa maji ya mvua na viluwiluwi vya mbu. Si kosa la mpira. Kitu kisichobadilika hata ukifanye nini kinaisha habari haraka.

Kitu kinachoharibika hudumu zaidi, ingawa inaonekana kinyume. Boksi la karatasi ngumu, gunia, gogo bovu, tawi lenye magome: vyote hubadilika kila mnyama anapovigusa, na mnyama hupenda kuona alichofanya kimetokea. Ondoa pini, gundi nyingi, utepe wa plastiki na wino wa kung'aa, halafu mpe. Utafagia kesho.

Kasuku ndiye mfano ninaoutumia ninapotaka kumshawishi mtu. Mwaka 2003 mtafiti Meehan na wenzake walichapisha matokeo ya kasuku wachanga wa aina ya Amazon. Waliokuwa na vitu vya kutafuna na vya kutafutia chakula walibaki na manyoya yao; waliokuwa kwenye vizimba vitupu wakaanza kujinyonyoa. Walipohamishiwa nao kwenye vizimba vyenye vitu, manyoya yao yakawa nafuu. Kwa ndege huyu, kichezeo cha kuharibu si anasa. Kipande cha mti laini kwa siku ni kama dawa.

Pweza naye anastahili kutajwa, maana watu humsahau. Akipewa kaa ndani ya chupa yenye kifuniko cha kuzungusha, hujifunza kukifungua. Akishajua, anakifungua haraka mno na dakika zako zimekwisha, kwa hiyo badilisha chupa.

Kama tayari una mipira, usiitupe. Itoe bandani, uifiche wiki tatu, uirudishe siku moja, uitoe tena. Vichezeo vitano vinavyozunguka vinashinda ishirini vilivyolala bandani mwaka mzima. Na kamba: kila mwaka mahali fulani mnyama hunaswa shingo au mguu, au humeza nyuzi zikamfunga utumbo. Kamba iwe fupi kiasi kwamba haiwezi kufanya kitanzi, au tumia mnyororo uliopitishwa ndani ya bomba.

Harufu dhidi ya sauti

Hili ni rahisi: harufu inashinda, kwa wanyama wanaoishi kwa pua.

Mwaka 2003 bustani ya wanyama ya Bronx ilijaribu manukato 24 kwa duma wake. Manukato ya Obsession for Men ya Calvin Klein yaliwashika duma kwa wastani wa dakika 11 hivi. Mengine yakawashika sekunde chache tu. Baadaye watafiti wa Guatemala waliyanyunyiza mbele ya kamera za msituni ili jaguar asimame apigwe picha, na jaguar akasimama. Lakini huna haja ya chupa ya bei. Nyasi kutoka banda la pundamilia, kipande cha gunia kilicholaliwa na mbuzi, mdalasini uliotiwa kwenye gogo, mkojo wa mnyama mwingine wa jamii yake: vyote hufanya kazi. Mmea wa paka (catnip kwa Kiingereza) huwasisimua simba na chui. Chui milia wengi hawaujali. Ni kazi ya dakika mbili kwa mtunzaji, na faida ya dakika kumi au ishirini kwa mnyama, ambayo si mbaya hata kidogo. Harufu ile ile kesho haina maana tena, basi panga angalau kumi za kuzungusha.

Tahadhari moja kubwa: usipeleke harufu ya chui kwenye banda la swala. Porini swala akiinusa anaondoka. Bandani hana pa kuondokea, na ulichompa si uchangamfu. Hata kwa wala nyama, magunia yanayotoka kwa mnyama mwingine yanaweza kubeba minyoo na vijidudu, kwa hiyo muulize daktari.

Sauti, kwa uzoefu wangu, mara nyingi ni kwa ajili ya watunzaji. Redio huwashwa kwa kuwa anayefagia anapenda taarabu. Watafiti walipowapigia gorila mlio wa msitu wa mvua mwaka 1994, watoto walitulia lakini wakubwa walizidi kuwa na wasiwasi. Mnyama anaweza kuondoka kwenye harufu akaenda kona nyingine. Sauti humfuata kila pembe. Ukitaka kuitumia, mpe kitufe cha kuizima mwenyewe, au iwe upande mmoja tu wa banda.

Gogo, kimo na pa kujificha

Kama una fedha mara moja kwa mwaka badala ya saa moja kwa siku, zipeleke hapa wala usiangalie vichezeo kabisa.

Mwaka 1993 mtafiti Carlstead na wenzake waliwafuatilia paka-chui wa Asia waliohamishiwa kwenye vizimba vitupu. Kotisoli, homoni ya mfadhaiko, ilipanda. Walipowekewa matawi na mahali pa kujificha, ikashuka, wakaanza kupekua, na kwenda na kurudi kukapungua. Hakuna aliyewafundisha wala kuwabadilishia chakula. Walipewa tu mahali ambapo hawaonekani.

Wasimamizi hulipinga hili mara nyingi, kwa sababu mgeni amelipa na anataka kumwona chui. Nimeshiriki katika ubishi huo, nikiwa upande ulioshindwa. Vichaka viling'olewa, chui akaonekana vizuri sana, akitembea mita 11 kwenda na mita 11 kurudi kando ya ukuta wa nyuma kuanzia asubuhi. Njia ya kati ni jukwaa la juu: mnyama anayeona mbali kutoka juu anajihisi salama bila kujificha, na mgeni anamwona. Kwa paka wakubwa, nyani na panda wekundu, kimo ni sawa na nafasi. Kwa dubu na fisi maji, udongo wa kuchimba na maji. Kwa kifaru na nguruwe pori, matope, na hayo hayagharimu kitu.

Halafu kuna mlango. Dubu weupe wawili wa bustani ya Lincoln Park huko Chicago waliruhusiwa kuingia na kutoka vyumba vyao vya ndani wakati wanaotaka. Tabia za kujirudiarudia zikapungua na kucheza pamoja kukaongezeka. Haikuongezwa nafasi mpya yoyote ila uhuru wa kuchagua. Ukiweza kuacha mlango wazi mchana, umefanya uchangamshaji bila kuandaa kitu.

Wenzake, na mafunzo

Kwa wanyama wa makundi hakuna mbadala wa mwenzake. Tumbili aliye peke yake na vichezeo 50 bado ni tumbili aliye peke yake. Sheria ya Marekani kuhusu ustawi wa wanyama, iliporekebishwa mwaka 1985, ilidai hata maabara zizingatie afya ya akili ya nyani, na uhusiano na wenzao ukawa sehemu ya hilo. Ila kuunganisha wanyama wageni ni kazi ya wiki au miezi, nyuma ya wavu kwanza, na huwezi kuifanya kama jaribio la Jumamosi. Kwa wanaoishi peke yao porini, kama chui na wengi wa dubu, mwenza wa kudumu anaweza kuwa mzigo.

Mafunzo ya kutuza, yaani kumpa mnyama tuzo kila anapofanya ulichomwomba, ni sawa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Mnyama anafikiri, na wewe unapata mguu ulionyooshwa kwa ajili ya sindano bila kumlaza kwa dawa. Dakika tano mara mbili kwa siku zinatosha. Udhaifu wake ni kwamba yanakutegemea wewe: ukihama, yanahama nawe.

Sasa chagua

Una saa moja kwa siku na nyani au dubu: yote iende kwenye chakula cha kutafutwa, na kwa kundi tawanya kwanza. Una jamii ya paka: mzoga au nguzo mara mbili tatu kwa wiki, harufu siku zilizobaki, na kabla ya vyote hivyo mahali pa juu na pa kujificha. Kasuku: vya kuharibu, kila siku, hakuna siku ya kupumzika. Twiga na wala majani wengine: matawi, matawi, matawi. Mnyama ambaye ameshika tabia ya kujirudiarudia kwa miaka: changanya njia, na usitegemee iishe. Watafiti Swaisgood na Shepherdson walipokusanya tafiti mbalimbali mwaka 2005, uchangamshaji ulipunguza tabia hizo kwa kiwango cha maana katika takribani asilimia 53 ya majaribio. Tabia iliyozoeleka miaka kumi haiwezi kung'olewa na boksi.

Na uandike. Chagua saa moja, mfano ile ya kabla ya mlo, keti mbali asikuone, na kila dakika andika herufi moja: anatembea kwa kujirudia, anapekua, anakula, amelala, haonekani. Fanya hivyo siku tano kabla ya kubadilisha kitu, na siku tano wiki ya tatu baada ya kubadilisha. Siku ya kwanza baada ya kubadilisha usiihesabu; siku hiyo kila kitu hufanya kazi.

Lipo chaguo moja ambalo halimo kwenye orodha za vifaa. Watafiti Ros Clubb na Georgia Mason walionyesha mwaka 2003 kwamba wala nyama wanaozunguka eneo kubwa porini ndio wanaotembea kwa kujirudia zaidi kifungoni na kupoteza watoto wengi zaidi. Banda la kawaida la dubu mweupe ni kama sehemu moja ya milioni ya eneo lake dogo kabisa la porini. Wakaandika kuwa labda ni afadhali baadhi ya spishi zisifugwe. Baadhi ya bustani zimeshaamua hivyo kwa tembo au dubu weupe: hawatafuti wapya, na waliopo wanatunzwa hadi mwisho. Gus alikuwa mmoja wa waliopo. Aliishi hadi Agosti 2013, akiwa na miaka 27, akafishwa kwa dawa ili asiteseke baada ya kukutwa na uvimbe kooni usioweza kupasuliwa.

Ukiamua hivyo kwa mnyama wako, saa moja ile bado ni yake. Kesho asubuhi anza na barafu yenye samaki ndani, na uiweke mbali na pale anapogeukia.